Chupa Iliyorudi Vasai

Bhusawal
17 Juni 1971

Dada Natalina,

Salamu nitaziweka mwisho, kama zitakuwa zimebaki. Kwanza tuzungumze habari ya chupa.

Chupa ya masala mliyonipa mwaka huu niliifungua Jumapili iliyopita, siku Monika wangu alipopokea komunyo ya kwanza. Nilialika nyumba sita za hapa kwenye makazi ya reli, pamoja na mkuu wa kazi wa mume wangu Boniface, na mke wa mkuu huyo. Miaka yote hii watu hawa wamenisikia nikijisifu: subirini muonje mchuzi wa kwetu, subirini masala ya mama yangu. Nikachinja bata wawili. Nikakaanga vitunguu, nikatia vijiko vitatu kama siku zote, na moshi wa kwanza uliponifikia nikajua. Ilinuka jivu. Nikaongeza nazi, nikaongeza ukwaju, mwisho nikatia sukari, Mungu anisamehe, sukari kwenye bata. Wageni walikula kwa adabu. Mke wa mkuu wa kazi akasema, "Kumbe kwenu mnapenda vitu vichungu." Mume wangu akainamia sahani yake na hakuinuka tena mpaka wakaondoka.

Sasa nakuuliza. Mimi nimekulia kwenye ua ule, usinifanye mgeni. Najua masala ikishapondwa na kuchekechwa, zile chenga zinazobaki juu ya chekecheo hukaangwa tena, zikapondwa tena, wakapewa wale wanawake waponda waende nazo kwao. Ndizo ulizonijazia? Mwaka juzi ilikuwa chungu kidogo, nikanyamaza. Mwaka jana ikazidi, nikasema labda mvua iliwahi mikeka ikiwa bado juani. Mwaka huu sinyamazi.

Mama hawezi kunifanyia hivi. Mama hajawahi kuunguza hata punje moja maishani mwake, Vasai nzima inajua. Kwa hiyo ni wewe. Ama umemnyang'anya kikaango unakaanga mwenyewe, ama umenibadilishia chupa. Sema ni lipi.

Na kwa kuwa Mama hajui kusoma na wewe ndiye macho yake, msomee barua hii yote. Usiruke neno.

Salamu zimekwisha.

Eulalia


Vasai
26 Juni 1971

Eulalia,

Barua yako imefika pamoja na mvua, na vyote viwili vimenikuta na kazi. Nimeisoma peke yangu bandani kwa ng'ombe. Mama aliponiuliza umeandika nini, nilimwambia Monika alipendeza kwenye gauni jeupe na wageni waliramba vidole. Hivyo ndivyo nilivyomsomea, na hivyo ndivyo nitakavyoendelea kumsomea mpaka ujifunze kumwandikia mama yako mzazi.

Chenga za waponda, unasema. Bahati yako kuna reli ndefu kati yetu. Masala yote ilitoka kwenye kinu kimoja, mbele ya Gangubai na wenzake watatu, na Gangubai anaponda kwetu tangu wewe hujaota meno. Chupa yako na yangu zilishindiliwa kwa kijiti kimoja. Hii hii ndiyo ninayokula kila siku ya Mungu, na sijamwandikia mtu barua.

Na kikaango hakuna aliyekigusa. Mama alikaa kwenye kigoda chake siku tatu, uso kwenye moto, mgongo kwa watu, na hakuna aliyemsemesha, kama ilivyokuwa enzi za Bibi. Alikaanga kila kitu mbali mbali, vitu ishirini na saba. Mimi nilikuwa nyuma yake nikimsikiliza anavyosali, maana kwa sala ndivyo anavyopima muda wa kukaanga. Giligilani Salamu Maria kumi na tano, bizari nyembamba sita, uwatu nne. Hakuzidisha hata moja. Kama kuna kilichoungua, kimeungulia huko kwako, kwenye jiko lako la makaa ya reli.

Halafu koma kabisa kuniandikia habari ya kunyang'anya kikaango. Shangazi Domitila humkumbuki? Wake za wanawe walimwambia, mama pumzika, umechoka, tuachie sisi. Akakiweka chini wakati wa Kwaresima. Hakuwa na homa, hakuwa na kikohozi, hakuwa na lolote. Alikaa tu barazani anaangalia mikono yake, na Krismasi hakuiona. Mama alimwosha mwenyewe. Aliporudi aliniambia, "Siku nitakayokiweka chini, muiteni Padre." Basi mimi hicho kikaango nakilinda kuliko ninavyolinda nyumba.

Habari nyingine hakuna. Padre mpya, ambaye si mpya tena, bado anatukagua kama tunasali kwa Kimarathi hata majumbani. Mama, aliyefundishwa sala kwa Kilatini na mama yake, amemtii kuliko sisi wote. Siku hizi hata kuku wakiugua anawaombea kwa Kimarathi.

Dada yako, kwa bahati mbaya,
Natalina


Bhusawal
10 Julai 1971

Dada,

Kwa hiyo mimi ndiye nisiyejua kupika. Nimekaa na maneno hayo siku tano, nikayatafuna, nikashindwa kuyameza.

Narudisha chupa. Nimempa gadi wa treni ya Bombay, rafiki yake Boniface, ataishusha stesheni ya Vasai kwa jina lako. Sijawahi kusikia mtoto wa kwetu amerudisha chupa ya masala nyumbani, basi mimi nimekuwa wa kwanza. Ifungue mbele ya Mama. Mwache ainuse, halafu mwambie tena kwamba ni mkono wake.

Nikuambie jambo ambalo sijawahi kulisema. Ulipofiwa na mumeo ulirudi nyumbani, ukampata Mama, ukapata ua, kisima na migomba. Sikukuonea wivu, ulikuwa umefiwa. Mimi nilipata chupa moja kwa mwaka. Moja, Dada. Nikiifungua mwezi wa sita, nyumba hii ya matofali ya serikali, inayotikisika kila treni ikipita, inanuka kwetu mpaka Pasaka. Watoto wangu hawamjui bibi yao, wanaijua harufu ya jikoni kwake. Ndiyo urithi wangu wote, na hata huo umeuchoma.

Usinijibu wewe. Nataka jibu la Mama.

Eulalia


Bhusawal
22 Julai 1971

Kwa Mwalimu Apolonia, mama yangu wa ubatizo,

Shikamoo. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, kwa hiyo utanisamehe nikiutumia ujuzi huo kukusumbua.

Nimemwandikia Dada Natalina mara mbili, na sina hakika Mama amesikia hata mstari mmoja. Barua ya pili hajaijibu kabisa, zimepita siku kumi na mbili. Tafadhali nenda kwa Mama Alhamisi ijayo, Dada akiwa sokoni na ndizi zake, umsomee maneno haya kama yalivyo:

"Mama, ni Eulalia. Masala ya chupa yangu imeungua. Mwaka juzi iliungua kidogo, mwaka jana zaidi, mwaka huu nimeshindwa kuila, na nimeirudisha. Dada anasema umekaanga wewe. Mimi nasema si wewe, kwa kuwa wewe huunguzi. Mama, nani anakaanga? Kama wamekunyang'anya kikaango, niambie, nitakuja na Boniface tukirudishe mkononi mwako. Kama ni wewe, basi sema mwenyewe, maana siwezi kuamini kwa mdomo wa mtu mwingine."

Ni hayo tu. Msomee yote, Mwalimu.

Binti yako,
Eulalia


Vasai
23 Julai 1971

Eulalia,

Chupa ilifika. Gadi wako aliniita kwa jina mbele ya stesheni nzima, nikaipokea kama mtu anayepokea mtoto aliyefukuzwa shule. Nimeificha kwenye pipa la mchele, chini kabisa. Nimekaa karibu wiki mbili bila kukujibu kwa sababu kila nikishika kalamu yanatoka matusi. Leo nimeamua kukuambia ukweli, uone haya.

Mama hanusi. Pua yake imekufa.

Nilijua mwaka 1968, mwezi wa sita. Maziwa yaliungulia jikoni yeye amekaa hatua mbili kutoka jikoni anachambua mchele, na hakuinua kichwa. Nikaanza kumchunguza. Samaki walioharibika, ua la jasmini, mafuta ya taa, hakuna kinachomfikia. Hajaniambia, na mimi sijamwambia kwamba najua. Masala ya mwaka ule ilitoka na uchungu, ya mwaka uliofuata ikazidi. Gangubai alipoonja vumbi la kwanza aliinua kichwa kwenye kinu akaniangalia. Nilimkazia macho mpaka akainama akaendelea kuponda. Tangu siku hiyo yeye na wenzake hawasemi, na majirani hawasemi, na mimi kila mchana nakula jivu mbele ya mama yangu na kumwomba aniongeze.

Miaka minne, Eulalia. Tumbo langu limekuwa jiko la moto. Wewe umekula chupa moja na kuitangazia dunia.

Unataka Mama anuse chupa yake na kuambiwa ni mkono wake? Akijua, atakitundika kikaango, na akikitundika tutamzika. Kwa hiyo utakaa kimya. Utamwandikia barua nzuri, nitamsomea kila neno, utasema masala ya mwaka huu haina mfano. Hilo ndilo ninalokuomba, na ni mara ya kwanza kukuomba kitu tangu tuzaliwe.

Natalina


TELEGRAMU
Bhusawal, 28 Julai 1971
Kwa Mwalimu Apolonia, Vasai

USIMSOMEE MAMA BARUA. ICHOME. EULALIA


Vasai
3 Agosti 1971

Eulalia,

Telegramu yako imefika Ijumaa, kwa sababu maji yamefunika njia. Mwalimu alikuwa ameshasoma Alhamisi.

Nilirudi sokoni nikawakuta barazani. Mwalimu analia, miwani mkononi. Mama halii. Nilipoingia hakuniuliza kitu, aliinuka akaenda jikoni akaanza kutafuta. Alitafuta kwenye kabati, chini ya kitanda changu, nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu. Halafu akatia mkono kwenye pipa la mchele mpaka begani, akaivuta. Akang'oa kizibo kwa meno. Akainusa, muda mrefu. Akampa Mwalimu na kumuuliza, "Wewe unanusa nini?"

Mwalimu hajawahi kusema uongo darasani na hakuanza siku hiyo. Akasema, "Imeungua, Rufina."

Mama akaniuliza swali moja tu, "Tangu lini?" Nikamwambia, mwaka ule Padre huyu alipokuja. Akakichukua kikaango, akakisugua kwa majivu mpaka kikang'aa, akakitundika kwenye msumari, uso ukutani. Wewe nawe umekulia hapa. Umewahi kukiona kikaango kile kimegeuzwa uso ukutani?

Leo ni siku ya tano. Anakunywa uji kidogo. Hasemi na mimi. Anakaa kwenye kigoda chake mbele ya jiko lisilo na moto, midomo inachezacheza, anahesabu kitu kwenye vidole, anarudia tena. Mwalimu anakuja kila jioni, wananong'ona, nikiingia wananyamaza.

Nilikulinda nisikutaje vibaya kwake miaka yote. Sasa nakuambia wazi: nimekuchukia. Wengine humaliza wazazi wao kwa maneno ya ulevi. Wewe umemmaliza wako ukiwa na akili timamu, kwa mwandiko mzuri, mistari imenyooka.

Usije. Nikikuhitaji kwenye mazishi nitatuma mtu.

Natalina


Bhusawal
9 Agosti 1971

Natalina,

Leo sikuiti Dada.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni. Monika alinikuta pale. Nimelia vya kutosha, sasa sikiliza.

Nilikuuliza mara mbili. Mara mbili, kwa karatasi, nikakuomba ukweli, mara ya kwanza ukanijibu kwamba sijui kupika, ya pili ukakaa wiki mbili bila kujibu. Mstari mmoja tu ungetosha: "Mama hanusi, nyamaza." Ningemeza jivu lile na chupa yake. Badala yake ulinifanya niamini wewe ni mwizi, nikampiga Mama nikidhani nakupiga wewe. Mkono ni wangu, sikatai. Lakini gizani ulinisukuma wewe.

Unasema umekula jivu miaka minne kwa ajili yake. Nani alikuomba? Uliamua peke yako kwamba Mama ni yai, ukamkalia, na sisi sote tusipumue. Ulipenda kuwa wewe pekee unayejua. Hata huzuni ulitaka iwe yako peke yako.

Nimeomba pasi ya treni, wamesema mpaka njia itengenezwe. Nikipata nitakuja, unitake usinitake. Mwambie Mama kwamba ninapiga magoti. Msomee hilo, au liruke kama ulivyozoea.

Eulalia


Vasai
21 Agosti 1971

Kwa binti zangu wawili,

Barua hii naisema mimi Rufina na anaiandika Apolonia. Ameandika mbili zinazofanana. Moja inakwenda Bhusawal. Nyingine atapewa Natalina, aliye nyuma ya ukuta huu anajifanya anafagia. Nimekataa kumwambia kwa mdomo kwa sababu nikifungua mdomo nitampiga.

Nimekasirika. Apolonia alitaka kuandika "nimehuzunika", nimemwambia afute.

Pua yangu haikufa mwaka wa Padre. Ilikufa miaka miwili kabla, baada ya ile homa ya mafuriko. Mwaka huo na mwaka uliofuata nilikaanga bila pua, na ninyi nyote mliramba masufuria. Nilikuwa sihitaji pua. Nilikuwa na jicho, nilikuwa na sikio, na zaidi ya yote nilikuwa na hesabu ya mama yangu. Kwa hiyo Apolonia aliponiambia imeungua, nilikitundika kikaango nikakaa chini kufikiri. Sikukaa chini kufa, kama mlivyonipangia. Nilikuwa natafuta kosa.

Siku ya tano nikalipata. Mama yangu alinifundisha kukaanga kwa Salamu Maria ya Kilatini. Ile nilikuwa siielewi, inatoka mbio, ulimi unateleza nayo hadi mwisho. Padre alipokuja akasema tusali kwa lugha yetu, nikatii, nikatii hadi jikoni. Hesabu ikabaki ile ile, giligilani kumi na tano. Lakini hii ya sasa naielewa kila neno, na neno nikilielewa nalikalia. Nikifika pale pa saa ya kufa kwetu namkumbuka baba yenu, nasita kidogo, halafu naendelea. Giligilani hainisubiri nimkumbuke baba yenu. Na kila mwaka ninavyozeeka nasita zaidi.

Sikutaka kuamini mpaka nijaribu. Jumanne nilimtuma Natalina, kwa mdomo wa Apolonia, aende kwa mshona viatu na viatu visivyokuwa na kasoro. Nikakishusha kikaango, Apolonia akakaa kando yangu awe pua. Tukakaanga giligilani kwa Kilatini, kumi na tano: ikatoka rangi ya ngano, Apolonia akafumba macho. Tukakaanga nyingine kwa Kimarathi. Kwenye ya kumi na moja Apolonia alinishika mkono akasema, "Rufina, toa." Niliendelea mpaka kumi na tano kwa makusudi, nikaitoa nje kwenye mwanga, maana jicho nalo limezeeka, nikaiona ilivyokuwa nyeusi, nikaitia mdomoni ingawa ulimi wangu ulikufa pamoja na pua. Ndiyo mliyokuwa mnakula.

Jioni moja. Kosa lenyewe lilihitaji jioni moja na mtu wa kuniambia.

Natalina. Ulinionea huruma miaka minne, ukawafundisha majirani kunionea huruma, ukamfunga mdomo Gangubai, ambaye angeniambia siku ya kwanza. Kila mchana nilikuuliza, "Mchuzi vipi?" Nilikuuliza kwa sababu nilikuwa nahitaji jibu. Wewe ndiye uliyekuwa ulimi wangu, na ukanidanganya. Nimewapa watu jivu kwa mkono wangu, nimempelekea Padre chupa ya jivu kila Pasaka, na hakuna aliyenikanya. Mpishi anayeunguza anaambiwa ameunguza. Mimi mlikuwa mmeshanizika, mlichokuwa mnasubiri ni jeneza.

Eulalia. Barua zako zote alizozificha dada yako, Apolonia amenisomea. Usipige magoti, hayana kazi kwangu. Wewe angalau ulisema imeungua. Lakini ulisema kwa karatasi, na ulianza na dada yako. Ulikuwa na hakika ni mwizi kabla hujawa na hakika ni nini kilichoungua. Miaka miwili ulinyamaza, wa tatu ukafoka. Ungeniuliza ule mwaka wa kwanza. Na sukari usitie tena kwenye bata.

Chupa iliyorudi nimeimwaga kwenye shimo la migomba. Chupa yenyewe nimeiosha, inakauka juani, itajazwa tena.

Baada ya Pasaka mtakuja wote wawili. Wewe Eulalia utakaa kulia kwangu, Natalina kushoto. Mtakuwa pua yangu, na yeyote atakayenusa kitu akanyamaza ataondoka uani. Mkitaka kugombana mtagombana baada ya kazi. Kikaango hamtakishika. Kikaango bado ni changu.

Alama ya kidole changu iko hapa chini, Apolonia ameniwekea wino.

Rufina


Vasai
2 Septemba 1971

Eulalia,

Nimesoma nakala yangu nikiwa nimesimama na ufagio. Kisha Mama aliniita mezani, akanipa sahani ya wali na mchuzi, akauliza, "Vipi?" Nikasema chumvi haitoshi. Ilikuwa kweli. Akasema, "Lete chumvi basi," na hayo ndiyo mazungumzo yetu ya kwanza tangu atundike kikaango.

Sijakusamehe, wala sidhani umenisamehe. Lakini niandikie treni gani utapanda, nitakuja stesheni.

Natalina


Bhusawal
14 Mei 1972

Mama,

Dada anakusomea. Dada, soma yote.

Tumefika salama, chupa mbili hazikuvuja hata chembe. Ile iliyorudi na kurudi tena niliifungua jana. Sikualika mtu. Nilipotia masala kwenye vitunguu, mke wa mkuu wa kazi alitoa kichwa dirishani kwake akauliza kuna sikukuu gani. Nikamwambia hakuna sikukuu, ni Jumamosi. Nilisimama hapo jikoni nikalia kama mjinga, na Monika akasema, "Kunanuka kwa Bibi." Boniface alikula mpaka akafungua mkanda.

Sasa, Mama, uliniambia anayenusa akanyamaza ataondoka uani, kwa hiyo nasema. Masala ni nzuri sana. Ila uwatu umezidi moto kidogo. Si jivu, ni kidogo tu, unakuja mwishoni kwenye ulimi. Mimi nilikuwa kulia kwako, labda nilichelewa kusema. Mwakani nadhani Salamu tatu zinatosha badala ya nne.

Mwanao,
Eulalia


Vasai
23 Mei 1972

Mdogo wangu,

Nimemsomea yote. Pale pa uwatu nilisita, akaniambia, "Umeruka nini?" Nikapasoma.

Hujawahi kusikia alivyowaka. Ameuliza tangu lini mtoto wa Bhusawal anamfundisha uwatu. Amesema ulikuwa unapiga soga na Gangubai badala ya kunusa, na mimi nilikuwa nimelala macho wazi. Ametoa chupa yetu, akanifanya nionje kavu, akamwita Mwalimu akaonja, akamwita Gangubai kutoka kwake kule mtaa wa pili akaonja. Gangubai akasema ni kweli, umezidi kidogo. Mama akamwambia mwakani asije. Ameshamwambia tena aje.

Halafu akawasha moto, mchana kweupe, jua lote hili, akakaanga uwatu kikaango baada ya kikaango, Kilatini kwa sauti. Padre alikuwa anapita na baiskeli, akasimama langoni akamuuliza kwa upole kama hatukukubaliana kuhusu lugha ya sala. Mama hakugeuka. Akamwambia, "Ya kanisani ni yako, Padre. Hii ya jikoni ni ya mama yangu." Padre ameondoka na chupa.

Tatu zinatosha. Amekubali jioni, bila kulitaja jina lako.

Amekasirika tangu asubuhi mpaka sasa hivi ninapoandika. Amekula sahani mbili.

Dada yako,
Natalina